Mkwe Hasomi Peke Yake

Suruali ya mwalimu wa kwaya ndiyo iliyofichua mambo. Alipoivaa mbele ya watu, pale barazani kwa Djuma fundi cherehani, mguu mmoja ulishuka hadi kwenye kiatu, wa pili ukakomea juu ya kifundo. Watu wakatazama pembeni. Djuma akainama, akapapasa pindo kwa vidole.

“Patalo iko muzuri,” alisema mama yake, Mama Adija, aliyekuwa akichambua mchele kizingitini. “Miguu yako njo haiko sawasawa. Rudi kwenu, uliza mama yako vile alikuzala.”

Mwalimu hakurudi kwao. Alikwenda kwa fundi mwingine, na hakuwa wa kwanza. Macho ya Djuma yalikuwa yameingia ukungu, na daktari wa dispensari alikwisha sema kwamba ukungu ule si wa kusafishwa na miwani. Kila asubuhi mke wake, Feza, alimtungia uzi kwenye sindano nyingi na kuzichomeka kwenye ukosi wa koti lake, zimtoshe hadi jioni. Majirani wa mtaa wa Kamalondo waliziona zikimetameta shingoni mwake wakajifanya hawaelewi ni za nini.

Ndiyo maana habari iliyotoka foyer social, mahali Feza alipokuwa akifundisha wanawake kufuma, ilipokewa nyumbani kama mvua na radi kwa pamoja. Maktaba ya cité, mtaa wa Waafrika, ilikuwa imefunguliwa, vitabu vimepangwa hadi darini, wanaume wakija kusoma magazeti. Lakini mwanamke hata mmoja hakuwahi kukanyaga mle. Wakubwa wakaamua kutafuta mwanamke wa kusomea wanawake wenzake. Feza alikuwa amesoma kwa masista hadi darasa la sita, baba yake Mwislamu akijifanya haoni. Akachaguliwa yeye. Ila kwanza alitakiwa kuhudhuria mafunzo ya wafanyakazi wa maktaba, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, pamoja na makarani kutoka miji mingine ya Katanga. Siku ya mwisho angepimwa, na akishinda angeandikwa kazi.

“Banamuke bengine beko?” aliuliza Mama Adija wakati wa kula.

“Hapana, Mama. Niko peke yangu.”

Mama Adija aliweka tonge chini. Watu wake walikuwa wa Maniema, watu wa kanzu na adabu, na marehemu mume wake alisifika kwa kutomwacha mgeni wa kiume avuke kizingiti kabla hajapiga hodi mara tatu.

“Tangu siku gani bibi ya mwana yangu anafungiwa mu nyumba na banaume, poso muzima, Jumatatu mupaka Jumamosi?”

“Habatufungie, Mama. Mulango iko wazi.”

“Kama mulango iko wazi,” alisema Mama Adija, akaokota tonge lake, “basi na mimi nitaingia.”

Feza alimtazama mume wake. Djuma alikuwa amegundua jambo la maana sana ndani ya sahani yake na hakuinua uso.

Jumatatu asubuhi, baridi ya Juni ikiuma masikio, mkwe na mama mkwe walifika maktaba wakifuatana: Feza na gauni aliloshona mwenyewe, Mama Adija na kanga mbili, tasbihi, na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Mkufunzi, Mademoiselle Simone, alikuwa msichana mwembamba aliyetoka Ubelgiji mwaka huohuo. Alifundisha kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha mpishi.

“Huyu ni nani?” aliuliza kwa Kifaransa.

“Ni mama wa mume wangu, Mademoiselle. Ananisindikiza.”

“Hadi wapi?”

“Hadi Jumamosi.”

Makarani wakacheka chini chini. Mademoiselle Simone alifungua maagizo yake ya mafunzo, akapekua, akafunga. Hayakusema neno kuhusu mama wakwe. Akavuta kigoda, akakiweka karibu na mlango.

“Weye kaa pale. Hapana sema.”

“Asante, mwana,” alisema Mama Adija, akakaa, akaanza kusema. Alimsalimia kila karani, akamwuliza kila mmoja ni mtoto wa nani.

Karani aliyekerwa kuliko wote alikuwa Kasonde, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyevaa tai hata siku za joto na kuitunza hadhi yake kama yai. “Voyons, Mama,” alisema, “hapa ni stage, mafunzo ya bantu ya masomo. Haiko matanga.”

“Naona,” alijibu Mama Adija. “Ku matanga banakaribishaka bantu chai.”

Somo la kwanza lilikuwa usafi wa mikono. Mademoiselle alieleza kwamba kitabu huuawa na vidole vichafu kuliko mchwa. Kisha akawapanga wanafunzi wake mstari, wanaume wazima wenye nyumba zao, akapita akikagua kucha. Kasonde alinyoosha mikono mbele, uso ameugeuzia ukutani. Shingo yake ilivimba juu ya tai. Hakuna aliyecheka sasa. Kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake.

Mademoiselle alipomaliza mstari, kwa mazoea tu, alifika hadi kwenye kigoda. Mama Adija alimnyooshea mikono yake. Lakini msichana alipoinama kuitazama, yule mzee aliidaka ya Mademoiselle, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

“Hii njo nini? Wino! Na hapa tena wino. Mwana, utapata muchumba namna gani na mikono hii?”

Alitoa ncha ya kanga, akailowesha kwa mate, akaanza kumsugua kidole. Mademoiselle Simone akawa mwekundu hadi kwenye masikio. Feza alifumba macho, akingoja mbingu ianguke. Badala yake alisikia sauti ngeni, kama kuku aliyekanyagwa. Ni Kasonde aliyekuwa akijizuia kucheka na kushindwa. Na tangu siku hiyo mikono haikukaguliwa tena. Mademoiselle alisema tu, “Mikono, tafadhali,” na kila mtu akaenda kunawa mwenyewe, yeye akiwa wa kwanza.

Siku ya pili walijifunza kutengeneza gundi ya unga na kubandika migongo ya vitabu. Mama Adija alionja gundi, akaitia chumvi. Walijifunza pia kutembea bila kupiga viatu sakafuni, kwa kuwa maktaba ni nyumba ya ukimya. Wakiwa wanazunguka meza kwa vidole vya miguu kama wezi wa kuku, mkoromo ukasikika toka kwenye kigoda.

Jioni, barazani, Mama Adija alimsimulia mwanawe yote. “Banaume benyewe habana hatari,” alisema kwa masikitiko kidogo. “Ule wa tai anaogopa hata mavumbi.”

Mambo yaliharibika Jumatano.

Ilikuwa zamu ya Feza kufanya mazoezi ya saa ya kusoma. Alipewa kitabu chembamba cha Kiswahili: hadithi ya mwanamke ambaye mume wake alikwenda kufanya kazi ya reli, akapotea miaka mingi bila salamu. Feza alisimama wima kama walivyofundishwa, kitabu kwenye usawa wa kifua, akasoma kwa sauti ya chini. Akafika mahali mvua inanyesha, na mlango unabishwa, na sauti ya mume inasema: nifungulie, nimerudi.

“Usifungue!” alipiga kelele Mama Adija.

“Mama…” alinong'ona Feza.

“Asifungue! Kwanza aulize alikuwa na nani! Muntu hapoteake miaka yote ile peke yake!”

“Lakini ni bwana yake,” alisema karani mmoja.

“Bwana ya wapi? Watoto, ni nani alibakulisha?”

Karani wa pili akaingilia, wa tatu akamjibu, na punde maktaba nzima ilikuwa mahakama. Mademoiselle Simone alipiga meza kwa rula hadi rula ikakatika.

Walipotulia alimwita Feza kando. Alisema kwa upole, na upole wake ulikata zaidi kuliko ukali. Jumamosi wangekuja wajumbe wa halmashauri ya maktaba kutoka mjini. Walikuwa na mashaka tangu mwanzo kama mwanamke anaweza kuishika kazi ile. Wakiona fujo kama ya leo, basi. “Mzee asije tena, Feza. Mwambie wewe.”

Njia nzima ya kurudi nyumbani Feza alitafuta maneno. Alimsubiri Mama Adija amalize swala ya magharibi, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

“Mama, Mamuzele Simone anasema… Jumamosi bakubwa batakuya. Anaomba mubakie ku nyumba.”

“Ni yeye njo anaomba?”

Feza angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. Lakini alichelewa kidogo, na Mama Adija alikuwa ameishi muda mrefu kiasi cha kujua kuchelewa kule kuna maana gani.

“Na weye pia,” alisema.

“Mama, niliona haya,” alisema Feza, na machozi yakamtoka. “Macho ya Djuma munayaona. Tukikosa kazi hii, tutakula nini?”

Mama Adija alikunja mkeka wake polepole. Asubuhi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake, mwenye shamba la mboga kando ya mto Naviundu, akawaachia majirani ujumbe: mkwe wake amekuwa Mzungu, na Wazungu hawakai na mama zao.

Feza alikaa jikoni, hakujisuka, hakuvaa viatu. “Sitaenda,” alimwambia Djuma. “Mama alisema nisiende peke yangu.”

Djuma alikuwa kwenye cherehani, sindano zimejaa ukosini. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpinga mama yake, hata kuhusu chumvi.

“Enda,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikohoa akairudia. “Enda, Feza. Mama akiwa na neno, atasema na miye.” Halafu, kama mtu aliyejitisha mwenyewe, akakanyaga cherehani kwa nguvu na kushona mkono wa shati kwenye mfuko wake.

Jumamosi wajumbe walikuwa watatu: bwana mwenye masharubu aliyekuwa mwenyekiti, bwana mwingine aliyeitazama saa yake, na mama mmoja mwenye kofia. Walikaa nyuma. Mbele yao kulikuwa na mabenchi ya kutosha ukoo mzima, na juu ya mabenchi hapakuwa na mtu.

Tangazo la kuwaalika wanawake lilikuwa limebandikwa mlangoni tangu wiki iliyopita. Lakini wanawake waliolengwa hawakujua kusoma, na waume waliojua kusoma hawakuwaambia. Mademoiselle Simone alitazama mlango. Bwana wa saa alikohoa.

Kasonde ndiye aliyetoka nje. Alisema baadaye kwamba hakuweza kuvumilia kuona stage yao ikizikwa na kimya. Alivuka barabara hadi sokoni, akanyoosha tai yake, akatangaza kwa sauti ya mtu wa serikali kwamba ndani ya nyumba ile wanagawa sabuni.

Wakaja. Waliingia na vikapu, na watoto mgongoni, na mmoja na kuku wawili waliofungwa miguu. Walijaza mabenchi, wakatazama huku na huku.

“Sabuni iko wapi?” aliuliza mwenye kuku.

“Karibuni, bamama,” alisema Feza. Alifungua kitabu, akasimama wima, akaanza kusoma.

Alisoma bila kosa. Kitabu kwenye usawa wa kifua, sauti ya chini, kila nukta mahali pake. Mama mwenye kofia aliitikia kwa kichwa akiridhika. Na wanawake wakaanza kuondoka. Wa kwanza alijitwika kikapu na kutoka bila kuaga. Wa pili akamfuata. Mwenye kuku akasimama, akasonya. “Banatudanganya. Hakuna sabuni, ni maneno tu.”

Feza alikuwa amefika kwenye mvua. Alisoma mlango unavyobishwa, akasoma ile sauti, nifungulie, nimerudi, na midomo yake ikasita. Aliutazama mgongo wa mwenye kuku, akienda zake. Akashusha kitabu.

“Mama!” aliita, kwa sauti ya avenue, ya barabarani, si ya maktaba. “Weye mwenye kuku! Bwana yako anapotea miaka na miaka, hana salamu, hana franga. Leo usiku anabisha. Utafungua?”

Mwanamke aligeuka mlangoni. Kuku walining'inia.

“Mimi?” alisema. “Mi nifungue? Namumwangia maji ya moto!”

“Apana, dada!” alidakia mwingine benchini. “Fungua, ale, alale. Asubuhi njo umuulize, bantu bote bakiwa banasikia!”

“Na kama alileta muke mwengine?”

“Mwache alale inje na muke wake!”

Waliotoka wakarudi kusikia kuna nini. Waliopita barabarani wakaingia. Benchi likapinduka. Mwenyekiti alipiga meza akisema “Silence! Silence!” na mtoto mmoja mgongoni akamjibu kwa kilio. Feza alisimama katikati ya kelele, akijua kwamba amepoteza kazi, na akijua pia kwamba hajawahi kuona nyumba ile ikiwa na watu kiasi hiki. Hakujua acheke au alie.

Kisha akaona mkono umeinuliwa pembeni, kama wa mtoto wa shule. Ulikuwa wa Mademoiselle Simone.

“Na yeye,” aliuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika, “ule bibi… anafungua?”

Kukawa kimya, kile kimya ambacho rula haikuweza kukileta. Kila mtu alimtazama Feza. Feza alitazama kitabu, akatazama saa ukutani, akakifunga.

“Saa ya kusoma imekwisha, Mademoiselle,” alisema kwa Kifaransa safi. “Ni kanuni.” Halafu akawageukia wanawake. “Anayetaka kujua, tutaonana Alhamisi.”

Walimzomea, wakamsihi, mwenye kuku akataka kumpa mayai asome ukurasa mmoja tu. Mwenyekiti alisema kwa hasira kwamba hii si maktaba, ni soko. Mama mwenye kofia alimjibu kwamba soko angalau lina watu, na kwamba yeye mwenyewe asingefungua. Walibishana wakielekea kwenye gari. Kabla ya mlango wa gari kufungwa, Feza alikuwa ameandikwa kazi ya Alhamisi na Jumamosi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa karani wa kiume wa mwisho kabisa. Aliambiwa ashukuru, akashukuru.

Jumapili Djuma aliendesha baiskeli kwenda Naviundu, Feza amekaa nyuma.

“Shimo, kushoto!” alipiga kelele Feza. “Apana, kushoto yangu!”

“Kushoto yako na yangu ni ileile!”

“Mbuzi!”

Walifika na matope ya mifereji ya mashamba hadi magotini, mbuzi akiwa hajambo. Mama Adija alikuwa akimwagilia kabichi za kaka yake na aliendelea kumwagilia. Wifi yake aliwapa wageni wali na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Walikula, Mama Adija akamwagilia tuta la pili. Walinawa, akamwagilia la tatu. Hatimaye Feza alikwenda kupiga magoti palepale kwenye tuta.

“Habari ilifika,” alisema Mama Adija, akiiambia kabichi. “Banamuke ba soko banapita hapa kununua mboga. Banasema ulibauliza ulizo moja muzuri sana.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ile ulizo ilikuwa yangu. Uliiba.”

“Niliazima, Mama.”

“Kitu ya kuazima banarudishaka.”

“Njo nimekuya kurudisha.” Feza aliinamisha kichwa. “Munisamehe. Niliona haya juu yenu, na sasa ninaona haya juu yangu.”

Mama Adija aliweka ndoo chini. Alimtazama mkwe wake, matope na yote, kwa muda ambao Djuma, akiwa nyuma yao, aliona ni mrefu mno. Kisha akamfuta shavu kwa ncha ya kanga.

“Haya ni kitu ya bijana,” alisema. “Inaisha. Miye ile yangu iliisha zamani, njo maana nasumbua bantu.” Akageuka. “Djuma!”

“Mama.”

“Nasikia ulimwambia bibi yako aende, miye nikiwa nimekataza.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ulisema kwa nguvu ao pole pole?”

“Pole pole,” alisema Djuma. “Halafu kwa nguvu.”

“Muzuri. Baba yako alikuwa anaishia ku pole pole.” Alianza kufunga kitita chake. “Basi munisikie. Siku Feza eko ku kazi, chakula nitapika miye. Kufagia, miye. Lakini miye kubeba maji toka ku bomba, mugongo hautake. Maji atachota Djuma.”

“Mimi?” Djuma aligeuka kumtafuta shahidi. “Mama, bomba ni ya banamuke! Mwanaume gani anachotaka maji mu avenue yetu?”

“Hakuna,” alisema Mama Adija. “Utakuwa wa kwanza. Bibi yako naye alikuwa wa kwanza, na haikumuua.”

Alhamisi alfajiri, baridi bado imekaza, wanawake wa avenue walikuwa wamepanga ndoo zao bombani na maneno yalikuwa yamenoga. Maneno yakakatika. Djuma fundi cherehani alikuwa anakuja katikati ya barabara, koti limefungwa hadi shingoni, ndoo kila mkono, akitembea kwa tahadhari kama bwana harusi. Alifika, hakuona mstari unaanzia wapi, akasimama mbele ya watu wote bila kujua.

Mmoja aliziba mdomo kwa kitenge. Mwingine akamkonyeza mwenzake. Kisha yule aliyekuwa wa kwanza akavuta ndoo yake kando, akamwachia nafasi chini ya bomba.

“Pita, mama,” alimwambia.

Kicheko kikalipuka hadi nyumba za ng'ambo. Djuma alisikia joto likimpanda usoni. Akaweka ndoo, akapapasa hadi akaipata koki, akaifungua.

“Asante, dada,” alisema, naye akaanza kucheka, maji yakimlowesha viatu.